Programu za kurekodi ninazolipia hapa Kisumu, na zile ninazoziacha

Kazi yangu ni kurekodi kwaya, benga na ohangla, na sehemu kubwa huifanyia nje ya studio: kanisani, kwenye ukumbi wa shule, mara nyingine chini ya hema la matanga. Mazingira hayo ndiyo yanayoamua nilipie nini. Programu inayotaka kuingia intaneti kila baada ya siku kadhaa ili ihakikishe kwamba nimelipa itanikwamisha nikiwa Nyakach au Seme, mahali ambapo mtandao ni wa kutafuta kwa kupanda kichuguu. Kabla ya kutoa hata shilingi huuliza: nalipa mara moja au kila mwezi? Inafanya kazi nikiwa nje ya mtandao? Stima ikikatika katikati ya ubeti wa tatu, nitabaki na nini kwenye diski?

Reaper ndiyo inayojibu maswali hayo vizuri kuliko nyingine zote nilizotumia. Inatoka Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp tuliyoitumia sote kusikilizia MP3. Faili la kuisakinisha kwenye Windows halifiki megabaiti 30, kwa hiyo bando la siku moja linatosha. Unapewa siku 60 za kuijaribu bila kitu chochote kufungwa, na mimi nashauri uzitumie zote. Rekodi kazi halisi, ya mteja halisi, ndipo uamue.

Leseni ina bei mbili ingawa programu ni ile ile. Dola 60 ni ya anayeitumia kwa mambo yake binafsi tu, ya shule au shirika lisilo la faida, au ya mtu au biashara ambayo mapato yake ghafi kwa mwaka hayazidi dola 20,000. Wengine wote wanalipa 225. Zingatia neno ghafi: ni pesa yote iliyoingia kabla ya kutoa petroli, boda na posho ya kijana anayebeba nyaya. Dola ikiwa karibu shilingi 130, kiwango hicho ni kama milioni 2.6 kwa mwaka. Studio nyingi ninazozijua kuanzia Kondele hadi Kakamega ziko chini ya hapo, kwa hiyo bei ya dola 60 ni haki yao.

Dola 60 ni shilingi 7,800, lakini usiweke 7,800 kamili kwenye simu. Kampuni za nje zinazotuuzia huduma za kidijitali zinatakiwa kutoza VAT ya asilimia 16, na ikitozwa bei inafika 9,048. Halafu kiwango cha kubadilishia dola kwenye kadi huwa juu kidogo ya kile kinachosomwa kwenye taarifa ya habari. Mimi huacha nafasi ya elfu moja zaidi. Ukitoza 1,500 kwa wimbo mmoja, wimbo wa saba unakuwa umeimaliza leseni na chenji imebaki.

Kulipa hakuhitaji akaunti ya benki. Kadi ya M-Pesa GlobalPay, ambayo unaifungua kwa *334# au ndani ya programu ya M-Pesa, inatosha. Malipo yakikataa, sababu huwa zile zile. CVV ya kadi hiyo, zile namba tatu za siri, ni ya muda mfupi, kwa hiyo jaza fomu yote kwanza, jina na anwani na kila kitu, ndipo uiombe. Ukiiomba mapema kisha uanze kutafuta namba ya posta, itakuwa imekwisha muda. Namba ya posta ya Kisumu mjini ni 40100. Watu hujaza 00100 kwa mazoea, na hiyo ni ya Nairobi. Jina nalo liwe lile lililosajiliwa kwenye laini. Kwa malipo yanayojirudia kila mwezi siiamini kadi ya aina hii, na ni sababu nyingine ya kupenda programu za kulipia mara moja.

Leseni yenyewe inakuja kwa barua pepe kama faili dogo lenye mwisho wa .rk. Ndani ya Reaper unafungua menyu ya Help, unatafuta sehemu ya leseni, unaliingiza, basi. Hakuna kuthibitisha kwa intaneti, wala programu haitakuuliza tena. Unaruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta zako zote mradi utumie moja kwa wakati mmoja. Ukiinunua sasa katika toleo la 7, inaendelea kufanya kazi hadi 8.99, yaani matoleo mawili mazima. Faili hilo liweke kwenye flashi, kwenye barua pepe na kwenye diski ya akiba. Grupu la WhatsApp la mafundi si mahali pake. Leseni ina jina lako.

Sasa mipangilio, kwa sababu watu wengi husema programu ni mbovu kumbe hawakuipanga. Kwenye Preferences, upande wa Audio, chagua ASIO, njia ya Windows ya kuongea moja kwa moja na kadi ya sauti, na draiva iliyotoka kwa mtengenezaji wa kadi yako. Weka 48,000 Hz na biti 24. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuishughulikia, weka 512. Mafundi wengi huweka 128 kwa sababu wamesikia kwamba ndogo ni bora. Ni kweli 128 inachelewesha sauti kwa milisekunde 2.7 tu na 512 inafika 10.7, lakini kuchelewa huko kunamhusu anayejisikiliza kupitia kompyuta. Kwaya ya watu thelathini haivai hedifoni. Unachohitaji kanisani ni kompyuta isiyochoka, na 128 kwenye laptopu kuukuu huleta zile kliki ambazo utaziona baadaye wakati watu wameshaenda nyumbani.

Hesabu ya nafasi kwenye diski ni hii: treki moja ya mono, 48 kHz na biti 24, inakula megabaiti 8.64 kwa dakika, karibu 518 kwa saa. Maiki nne kwa ibada ya saa mbili ni kama gigabaiti 4.15. Nenda na nafasi mara tatu ya hiyo.

Kuhusu stima: Reaper inaandika sauti moja kwa moja kwenye diski wakati inarekodi, kwa hiyo kilichoimbwa hakikai kwenye kumbukumbu kikisubiri ubonyeze kuhifadhi. Kilicho hatarini ni faili la mradi, lile linalojua treki gani iko wapi. Kwenye Preferences, sehemu ya Project, washa kujihifadhi kila dakika 5 kwa faili lenye tarehe na saa, kisha badilisha ile sehemu inayosema isihifadhi wakati wa kurekodi, iwe wakati wowote. Wengi huisahau hiyo ya mwisho. Tena angalia kadi yako ya sauti: inayopata nguvu kwa USB itaendelea kwa betri ya laptopu, ila yenye adapta yake ukutani itazimika pamoja na taa, na hakuna programu ya kukuokoa hapo. Nunua UPS ndogo, ile betri ya akiba, kabla ya plagini yoyote, yaani vile vijiprogramu vya kuongezea ndani ya programu kubwa.

Kelele ndipo pesa nyingi hupotelea. Ndani ya Reaper tayari kuna ReaFIR, kichujio cha sauti, na kwa kelele ya feni au mvumo wa amplifaya inatosha kabisa. Iweke kwenye treki, badilisha hali iwe Subtract, weka FFT 4096, kisha tia alama kwenye kisanduku cha kujenga wasifu wa kelele. Cheza sekunde moja au mbili za mahali ambapo hakuna anayeimba. Simamisha, ondoa alama. Ukisahau kuiondoa, itaendelea kujifunza, itaichukua sauti ya mwimbaji kama kelele na kuifuta polepole hadi kwaya isikike kama iko ndani ya mtungi. Kila mara mtu anaponiletea mradi akilalamika kwamba ReaFIR inaua sauti, huwa ni kile kisanduku. Kwa sababu hiyo kila rekodi naianza na sekunde kumi za ukimya, mwalimu wa kwaya akubali asikubali.

ReaFIR ikishindwa ndipo nafikiria RX ya iZotope, programu ya kusafisha sauti, na kwa wengi RX Elements, ile ndogo, inatosha: ina De-hum ya mvumo wa stima, De-click ya kliki, De-clip ya sauti iliyopasuka kwa kuzidi na Voice De-noise ya kelele nyuma ya sauti ya mtu. Bei yake hushuka mara kwa mara, hasa mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo kuilipia bei kamili ni haraka isiyo na baraka. Ile ya Standard ina Spectral Repair, ambayo inakuonyesha sauti kama picha ukafuta kikohozi kimoja au honi ya boda bila kugusa noti zilizo pembeni. Kama unarekodi mahojiano au hadithi za wazee, inalipa. Kama ni kwaya tu, subiri kwanza.

De-hum inataka uangalifu. Video nyingi za mafunzo zimetoka Marekani, na stima yao ni 60 Hz. Yetu ni 50. Ukifuata video neno kwa neno utakata 60, 120 na 180, na mlio wako utabaki umekaa pale pale kwenye 50, 100 na 150. Weka 50, kisha punguza idadi ya harmoniki, yaani vile vizidishio vya 50, hadi tatu au nne. Usizidishe, maana besi wa kwaya anaimba huko huko: G ya chini ya besi ni 98 Hz, jirani kabisa na 100 unayoikata. Ukifanya kichujio kuwa kipana, besi wanapotea na mwalimu wa kwaya atajua hata kabla hujamaliza kucheza ubeti wa kwanza. Jenereta ndogo ya petroli ni tabu zaidi, kwa kuwa mzunguko wake unapanda na kushuka kila spika zinapovuta nguvu. Hapo kata wimbo vipande, kila kipande kijifunze chake.

Mvua juu ya mabati usiinunulie programu. Kelele yake imeenea kwenye masafa yote, pamoja na yale ya s, sh na f, na chochote kitakachoiondoa kitaondoa matamshi. Mvua ya Kisumu hupenda alasiri na jioni, rekodi asubuhi.

Kwa vijana wanaotengeneza biti za muziki, FL Studio nayo ina thamani, kwa sababu ukishanunua masasisho ni bure maisha yako yote. Jihadhari na jaribio lake tu: linakuruhusu kuhifadhi mradi lakini halikuruhusu kuufungua tena hadi ulipie. Usimwahidi mteja kitu ukiwa ndani ya jaribio. Upande wa video, DaVinci Resolve ya bure inamtosha mpiga video wa harusi. Ile ya kulipia, Resolve Studio, ni dola 295 mara moja, na ufunguo wake unawasha kompyuta mbili. Ukipiga sana ndani ya kanisa lenye giza, kile kipunguza chenga za picha pekee kinaweza kuihalalisha. Plagini za kulipia kila mwezi nimeziacha zote. ReaEQ ya kusawazisha sauti, ReaComp ya kuibana na ReaTune ya kunyoosha noti zimo ndani ya Reaper tayari, na hakuna muumini aliyewahi kuuliza ni kompresa gani.

Kisha kuna zile za bure zinazopita kwenye flashi, zilizovunjwa. Virusi vya aina ya STOP, ambavyo pia huitwa Djvu, vimesambaa sana kupitia programu zilizovunjwa na vile vijiprogramu vya kutengeneza namba za leseni. Vinafunga mafaili yako, vinayabadilishia majina, kisha vinaacha barua ya kudai pesa. Nimeshaletewa kompyuta za namna hiyo zikiwa na albamu nzima ndani.

Ukiletewa, kuna habari moja njema kwa sisi wa sauti. Virusi hivyo vina haraka, kwa hiyo katika kila faili hufunga kama baiti 153,600 za mwanzo tu. Kwa WAV ya mono, 48 kHz na biti 24, hiyo ni sekunde moja na kidogo. Kilichobaki ni kizima, ila kimekosa kichwa cha faili, yale maelezo ya mwanzo yanayoiambia programu hii ni sauti ya aina gani, na ndiyo sababu programu zinakataa kukifungua. Toa diski, nakili mafaili kwenye kompyuta safi, fanyia kazi nakala. Fungua Audacity, ambayo ni ya bure, nenda File, Import, Raw Data. Chagua Signed 24-bit PCM, Little-endian, chaneli moja, 48000. Kwenye Start offset andika 153602. Kila sampuli, yaani kipimo kimoja cha sauti, ina baiti tatu, na vichwa vya mafaili havina urefu mmoja, kwa hiyo huenda ukaanzia katikati ya sampuli. Ukisikia mvua ya mabati tupu, rudi uandike 153603, kisha 153604. Kati ya hizo tatu, moja itakupa kwaya.