Chungu kikiwa baridi shavuni

Bibi yangu mzaa mama, huko Newala, hachomi chungu bila kukiweka shavuni kwanza. Anakiinua kwa mikono miwili, anakigusisha chini ya jicho, anatulia. Kikiwa baridi anakirudisha kivulini. "Bado kina maji," basi. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa makumbi na kuni za mkorosho, nikadhani ni mazoea ya kizee tu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Stoke-on-Trent, Uingereza, bakuli langu lililipuka ndani ya tanuri la chuo. Nililifinyanga nene kitakoni, nikaliingiza tanurini siku ya pili kwa haraka ya kuwahi tathmini. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakageuka mvuke, mvuke ukakosa njia, vipande vikaruka na kuvunja birika la mwenzangu aliyelihangaikia wiki tatu. Nililia. Fundi wa karakana, mzee wa mji huuhuu, hakunigombeza. Alichukua chombo kingine kibichi akaniwekea shavuni. Kilikuwa baridi, kwa sababu maji yanapotoka kwenye udongo hutoka na joto lake. Nilisimama pale na kile chombo shavuni nikimfikiria bibi.

Niwaeleze karakana yenyewe, maana ndugu zangu wa nyumbani huniuliza ni chuo gani hicho watu wanasomea udongo. Kuna magurudumu ya umeme, meza za kukandia, na makabati yenye unyevu ya kuhifadhia kazi isikauke kabla ya wakati wake. Chini ya kila sinki kuna pipa la kunasa udongo usizibe mabomba. Kufagia pakavu ni marufuku. Sakafu hupigwa deki kila jioni, kwa kuwa vumbi la udongo lina silika, ile madini iliyomo kwenye mchanga, na silika ikishakaa mapafuni haitoki. Mji huu umezika wafinyanzi wengi kwa ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo. Siku niliyolielewa jambo hilo nilimpigia simu mama mdogo usiku uleule, nikamwomba vile vigae wanavyotwanga kuchanganyia udongo wavinyunyizie maji kwanza, na watwangie nje.

Matanuri yana chumba chake. Yale ya umeme yanaongozwa na kompyuta ndogo: joto linapanda polepole mpaka mvuke uishe, ndipo unaongeza. Ikikaribia nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hutanuka ghafla, kwa hiyo hapo hapakimbiliwi. Uchomaji wa kwanza hufika kama nyuzi 1,000. Wa pili, wa glezi, ile ngozi ya kioo, unaweza kukaribia 1,300. Kisha unasubiri, pengine siku nzima, mpaka joto lishuke chini ya 100 ndipo mlango ufunguliwe. Kila uchomaji unaandikwa kwenye daftari: nani kapanga, kaanza saa ngapi, nini kimepasuka. Jina langu limo mle, na bakuli langu. Wanafunzi wapya husomeshwa daftari hilo kabla ya kugusa swichi.

Tanuri ninalolipenda ni la gesi. Joto likifika juu unabana hewa, moto unabaki ukiitafuta, hata unainyofoa oksijeni iliyomo kwenye glezi. Glezi yenye chuma kidogo, ambayo kwenye umeme ingetoka ya njano au kahawia, hapo inatoka kijani kilichopoa, kama bahari mahali pa kina kifupi. Mara ya kwanza nilipofungua mlango nikakiona kijani kile, nilikijua. Tukiwa darasa la sita tulipelekwa Kilwa Kisiwani. Ufukweni, chini ya magofu, tuliokota vigae vya vyombo vya China vilivyokuja na majahazi karne nyingi nyuma, mwalimu akatuamuru tuvirudishe palepale. Kimoja kilikuwa na rangi hiyohiyo. Kando yake kulikuwa na kigae chekundu cha chungu cha kwetu, kimechanjwa michoro shingoni kama ya bibi.

Simwambii bibi aache chungu chekundu. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisoma Uingereza lakini akaenda pia Abuja ya zamani, mji ambao sasa unaitwa Suleja, Nigeria, kujifunza kwa wanawake wafinyanzi wa huko. Vyombo vyake havina glezi, vimesuguliwa tu mpaka vikang'aa, na viko kwenye makumbusho makubwa ya dunia.

Ninachokitamani ni kingine. Gesi ya Mnazi Bay iko kwetu Mtwara, inasafishwa Madimba, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Udongo tunao, mikono tunayo, moto unatoka kwenye ardhi yetu. Ila Mtwara na Lindi, kote nilikopita, sijaona chumba ambamo kijana anaruhusiwa kuvunja vyombo thelathini ili aelewe cha thelathini na moja. Bibi hana ruhusa hiyo. Chungu chake kikipasuka, ni chumvi na sabuni ya wiki vimepasuka.

Agosti nilienda likizo. Upepo ulikuwa mkali, na upepo ndio unaomtia hasara: upande mmoja wa joko unawaka, mwingine unapoa, vyungu vinapata ufa. Tukamzungushia ukuta wa matofali ya kuchoma, kimo cha goti, wenye matundu chini. Bibi hakuupenda. "Moto nisipouona nitaujuaje?" Alikuwa na haki, kwani yeye husoma rangi ya moto. Tukaacha tofali moja la kuchomoa, awe anachungulia.

Nilikuwa nimebeba koni, vile vijipiramidi vya udongo vilivyotengenezwa viiname kila kimoja kwenye joto lake. Nilizisimamisha mbili katikati ya vyungu. Jioni, majivu yalipopoa, ile namba 018, ya kuinama karibu na nyuzi 700, ilikuwa imeinama na ile namba 015, ya karibu na 800, imesimama wima, maana yake moto wake ulifika kati ya nyuzi 700 na 800. Vyungu ishirini na viwili, kimoja tu kimepata ufa. Kwa kawaida hupoteza vinne, vitano.

Bibi aliiokota ile iliyoinama, akaigeuzageuza kiganjani.

"Hiki kimesujudu."

"Ndiyo, bibi."

"Na hivi vidude vilivyobaki, unarudi navyo Ulaya?"

Nikamwambia ni vyake. Akavihesabu vile vijipiramidi, vilikuwa tisa, akavifunga kwenye pindo la kanga, pale anapofunga hela.