Musoma, mvua ya mchana usiitafute ziwani

Mimi naanika dagaa Musoma, mashariki mwa Ziwa Victoria, na ushauri ulionitia hasara ulitoka kwa shemeji yangu wa Bukoba, ng'ambo ya magharibi, mtu asiyejua neno "labda". "Shem, wewe tazama ziwa tu. Ziwa likiwa jeupe, anika dagaa wako, nenda kapike."

Nikatazama ziwa. Jeupe pee. Dagaa wako kwenye vichanja, wameanza kukakamaa, mimi niko jikoni nasonga ugali. Saa tisa kasoro, kitu kikanguruma nyuma ya mgongo wangu, upande wa Serengeti. Kugeuka, bonge la wingu jeusi limesimama juu ya mapaa ya watu! Tukatoka mbio mimi na mabinti wawili na turubai moja, lina tundu la kupitisha kichwa. Upepo ukalinyakua, likaenda kumfunika mbuzi wa jirani. Mbuzi akabaki mkavu. Kichanja cha kwanza tulikiokoa, cha pili nusu, vilivyobaki vikachapwa mpaka dagaa wakarudi ubichi. Kesho yake wakanuka, nikawauza kwa mtu wa chakula cha kuku kwa bei aliyoitaja huku akiangalia pembeni. Laki kadhaa zikaenda hivyo. Shemeji nilipompigia akauliza, "Kwani uliliangalia ziwa vizuri?"

Sasa, kwao yuko sahihi. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unateremka kutoka kila upande kwenda ziwani, unakutana kule na kuipandisha juu hewa yenye unyevu, ikageuka mawingu ya mvua. Ndizo radi tunazoziona zikimulika usiku upande wa magharibi. Kwa kuwa pepo kubwa za huku zinatoka mashariki, mvua hiyo inasukumwa kwenda Bukoba na kuwakuta asubuhi. Ndiyo maana wanapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sisi wa Musoma hatusogelei hapo. Mchana mambo yanageuka. Nchi kavu ikipata moto, upepo wa ziwa unaingia bara, unagongana na ule wa mashariki, mawingu yanajijenga huko Tarime na Serengeti, halafu alasiri yanarudishwa kwetu. Kwa hiyo anayeanika dagaa Musoma aligeuzie ziwa mgongo.

Utabiri nausikiliza kila jioni, msinielewe vibaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatutaja kwa mkupuo: Kagera, Geita, Mwanza, Mara, Simiyu na Shinyanga, "mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua". Watu wanacheka kwamba hapo kila kitu kimetajwa. Mimi nasikia hivi: mvua ipo, ila wachache ndio watakaoipata, na nani hao utajua mwenyewe kwa macho. Wakitoa angalizo la mvua kubwa kwenye ule utabiri wa siku tano, siku hiyo nanunua karai chache tu au sinunui kabisa. Kuahirisha sana huwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa siku za giza. Mwezi ukiwa mkubwa hawafuati taa na mitumbwi inalala. Giza likiangukia wiki ya mvua, utaanika wiki hiyo hiyo.

Mawingu yenyewe si elimu ngumu. Yale membamba ya juu kabisa, sirusi, yaache yapite. Shuka la kijivu la asubuhi, stratusi, linanyunyiza kidogo na mara nyingi saa nne limeshapasuka, usikimbilie kukata tamaa. Ninayoyaogopa ni kumulusi, mafungu meupe yenye kitako bapa. Yakibaki mafupi ni mapambo. Yakianza kurefuka kabla ya adhuhuri, kuna kazi. Na kilele kikishatandaa bapa kama fuawe ya mhunzi, hiyo ni kumulonimbusi, inaweza kupita kilomita 15 kwenda juu, na hapo hupimi tena, unakusanya.

Kupima kwenyewe ndiko ninakojivunia. Upande wa mashariki wa uwanja wangu kuna choo, na choo kina nguzo. Nikaipiga misumari mitatu. Nasimama kwenye jiwe lile lile, nafumba jicho moja, naangalia kichwa cha wingu kimefika msumari gani. Kikivuka wa pili kabla ya saa sita, saa saba dagaa wako ndani. Majirani walidhani nimeanza kusali nikielekea chooni. Jua likiumiza macho naangalia wingu kwenye karai la maji. Radi ikipiga nahesabu sekunde mpaka ngurumo, nagawa kwa tatu, napata kilomita. Ukisikia ubaridi wa ghafla shingoni, acha hesabu, kimbia.

Na anika alfajiri, jamani. Anayeanza saa nne amejitakia.

Siku hizi nikianza kukusanya, mwalo mzima, yaani ufuko wetu wa kushushia samaki, unakusanya, hakuna anayeuliza. Mwezi uliopita nilizoa mapema kwa sababu nilikuwa na msiba Bunda. Wote wakazoa. Jua likawaka mpaka magharibi, na niliporudi nikakuta wamenuna.