Mwalimu Alipovuka Feri

Juzi tulipotoka maziarani binti yangu aliniuliza, "Baba, sisi ni Wakristo. Mbona umemlilia hivyo mzee wa Kiislamu?" Nikamwambia alikuwa mwalimu wangu wa Kiingereza, nikanyamaza. Jibu lenyewe limeanzia Likoni, ng'ambo ya feri kutoka kisiwa cha Mombasa, mwaka 1997.

Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na vijana, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Nyumba na vibanda vya watu wa bara vikachomwa, chetu kikiwamo. Wengi walivuka kukimbilia kisiwani. Sisi tuliishia uwanjani kwa Kanisa Katoliki. Nilikuwa kidato cha nne, vitabu vyote vimeungua, na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, i mlangoni.

Siku moja, baada ya adhuhuri, nikamwona Mwalimu akiingia getini. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, kikapu cha ukili mkononi. Watu walikuwa wakilihama Likoni, yeye anakuja. Mazungumzo yalikatika, siku zile wapo waliomtazama kila mwenye kanzu kwa jicho baya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako tusome."

Kikapuni mlikuwa na kitabu cha sarufi, daftari jipya, kalamu, na mahamri yaliyofungwa gazetini. Akaniambia niandike insha ya Kiingereza juu ya usiku ule. Nilikaa muda mrefu bila kuandika neno. Hakunihimiza, alivuta tasbihi yake, akangoja. Nilipompa daftari alitoa kalamu nyekundu, akasahihisha vitenzi kimoja kimoja kama aliye ofisini kwake. Alipofika penye habari ya jirani yetu aliyeuawa, kalamu ilisimama. Sentensi ile ilikuwa imekosewa, na mimi nilijua imekosewa. Aliiacha ilivyo, akaendelea na iliyofuata.

Adhana ya alasiri ikasikika kwa mbali. Akamgeukia mama mmoja aliyeketi karibu yetu na jerikeni lake, mama ambaye nyumba yake ilikuwa imebaki majivu.

"Mama, nisaidie maji kidogo nitawadhe."

Maji yalikuwa ya kupigania pale. Mama alimtazama usoni, kisha miguuni, kisha akainamisha jerikeni na kummiminia mwenyewe viganjani, taratibu. Mwalimu alitumia machache sana, hata miguu akaipitishia unyevu tu. Akamshukuru, akaelekea kibla, akasali kando ya ukuta wa kanisa. Aliporudi tukafungua ukurasa wa viunganishi.

Alirudi tena na tena hadi mtihani. Nilifaulu, nikasoma, nikaajiriwa. Naye akaishi maisha marefu. Mzaliwa wa Mji wa Kale tangu enzi ambazo Ngome ya Yesu ilikuwa jela, na kila Iddi nilipokwenda kumwamkia nilimkuta na msahafu juu ya marufaa, kalamu nyekundu pembeni.

Katika Iddi mojawapo, bila kuulizwa, aliniambia, "Wale vijana wa Likoni, huenda wamo niliowasomesha." Akaninyoshea sahani ya halua. Sikumuuliza zaidi, na sasa siwezi tena.

Kwa hiyo sijui kama alivuka kwa ajili yangu au kwa ajili yao. Moyo wangu unaniambia kwa ajili yetu sote, lakini yeye hakulisema hilo.