Jumamosi ya papa mkavu

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu ya pili nilijipa kazi ambayo hakuna aliyenituma: kuhesabu vipande vya samaki. Watu wanane, vipande vinane. Wanangu wawili, watatu wa mume wangu, mavyaa wangu, mume mwenyewe na mimi. Nikishamkata kolekole au nguru, naviweka vipande kwenye ubao navitazama kama sonara, maana kipande cha mkia si sawa na cha kifuani, na mtoto aliyekuja kwenye nyumba ya mke mpya wa babake ana mizani machoni.

Watoto wa mume wangu walikuwa wakikaa Mokowe, upande wa bara, kwa mama yao. Ijumaa alasiri huvuka kwa boti, wakateremka gatini na mifuko yao, na Jumapili baada ya chakula cha mchana hurudi. Mume wangu ni fundi wa mashua, siku za kazi alikuwa akilala Matondoni, kijiji kingine cha kisiwani. Basi katikati ya juma nyumba yetu ya Langoni, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), ilikuwa na watu wanne, wala hatukuwa walaji sana. Ijumaa ikifika tunakuwa wanane, na pesa ni zile zile.

Siku moja yule mvulana wa kati, alikuwa na miaka minane, alichukua kipande chake cha nguru akakilaza kando ya cha mwanangu, akavipima kwa kidole cha shahada. Cha mwanangu kilizidi, labda kwa upana wa ukucha. Hakusema neno. Alimtazama baba yake tu, kisha akaanza kula. Ningependelea anitukane.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa ya Septemba 2014. Waliokuwa Amu mwaka ule hawana haja ya kuelezwa. Mauaji ya Mpeketoni, mji wa huko bara, yalikuwa yametokea Juni, Julai ikaja kafyu, na wavuvi wengi hutoka usiku, na usiku ndio uliofungwa. Watalii hawakuonekana, kwa hiyo hata mashua za kutengeneza zilipungua. Juu ya hayo kusi ilikuwa bado inavuma. Nilikwenda sokoni pale ubavuni mwa Ngome nikakuta tasi wadogo wachache na nguru mmoja aliyezungukwa na watu kama maiti. Nilipouliza bei, niliitikia "haya" nikaendelea kutembea.

Nikarudi na nazi nne, nyanya, vitunguu, na nusu kilo ya papa mkavu aliyefungwa kwenye gazeti. Muuzaji aliniapia kuwa chumvi yake si kali. Niliona haya njia nzima. Si kwamba papa ni chakula kibaya, mimi nimekulia papa, lakini kwetu ni chakula cha wenyewe kwa wenyewe, hupikiwi ukiwa mgeni. Na wale watoto, miezi tisa baada ya harusi, bado nilikuwa nikiwapikia kama wageni.

Papa anataka saa zake. Umroweke, umwage maji, umroweke tena, kisha umchemshe kidogo na umparuze ile ngozi yenye mchanga, la sivyo utatafuna ufuo. Mimi nilikuwa na haraka, watoto walikuwa wanarudi madrasa. Nikambadilishia maji mara moja tu. Binti mkubwa, wa miaka kumi na miwili, nilimpa mbuzi akakune nazi. Alikaa juu yake kiubavu, mguu mmoja umekunjwa, akakuna bila kusema, na nazi ikawa inaanguka nyeupe nyembamba, hakuna hata punje nyeusi ya kifuu. Nikajiambia, huyu amefundishwa.

Nilikaanga kitunguu, nikatia nyanya, bizari, nikamtumbukiza papa, nikamimina tui jepesi. Likachemka. Nikadondosha mchuzi kidogo kwenye kiganja nikaonja.

Bahari nzima ilikuwa mle.

Nikaongeza maji. Nikaonja tena. Yule binti aliinuka, akakinga kiganja chake, nikamdondoshea.

"Chumvi, Mama Fulani," akasema, akinitaja kwa jina la mwanangu wa kwanza kama alivyozoea. "Mama humroweka tangu usiku."

Nasema kweli, neno lile *mama* jikoni kwangu lilinichoma kuliko mvuke. Mkono wangu ulishafika kwenye mwiko, na kama mavyaa hangekuwa pale barazani anachambua mchele, sijui ningejibu nini.

"Na asipomroweka?" nikauliza.

"Huutupa mchuzi. Haukombolewi ule. Papa anaoshwa kwa maji ya moto, anafumuliwa nyuzi nyuzi, anaanzwa upya. Na wali hautiwi chumvi hata kidogo."

Kutupa nyanya tatu na tui wakati ule ilikuwa kama kutupa noti. Tulitupa. Tukakaa chini, beseni ya maji moto katikati yetu, tukawa tunamfumua yule papa kwa vidole. Anafumuka vizuri akishalainika, kama kamba ya mnazi. Chumvi ikatuingia kwenye mikwaruzo. Nyanya zilikuwa zimebaki mbili, tukazisaidia kwa embe bichi la jirani, na nikalimimina lile tui zito nililokuwa nimeliweka kwa ajili ya wali. Wali ukapata tui la pili, bila chumvi. Nilikuwa na wasiwasi nao, lakini wali mtupu ukikutana na papa, kila mmoja anapata kwa mwenzake anachokosa.

Wakati wa kupakua nikatoa sahani nane kama kawaida, nikasimama na upawa. Nilikuwa nafikiria namna ya kuzigawa zile nyuzi.

Mavyaa akanitazama. "Unangoja nini? Teremsha sinia. Nani atahesabu nyuzi?"

Sinia lilikuwa juu ya kabati, la kutolea Idi na maulidi, limeota vumbi. Likaoshwa. Wali ukamwagwa katikati ukawa kilima, papa akamiminwa juu, na watoto watano wakalizunguka mkekani. Sisi wakubwa tukachukua kombe letu kando. Nilikuwa nakula na jicho moja kwa yule mvulana wa kati. Alilizungushia sinia macho, akatafuta cha kupima, hakukiona. Akaanza kuchimba handaki kutoka ukingoni kwenda kwenye papa, na mwanangu akachimba lake kutoka upande wa pili, mpaka mavyaa akawakemea kila mtu ale mbele yake.

Ukoko ndio uliotaka kuleta vita. Nilikuwa nimeupalia wali makaa juu ya kifuniko, kwa hiyo ukoko ulitoka mwekundu, mgumu, unanuka nazi. Watoto watano na sufuria moja. Binti mkubwa akaichukua, akaubandua wote kwa ncha ya mwiko, akauvunjavunja bakulini ukawa vipande visivyofanana hata viwili, akaliweka bakuli katikati akaondoka. Zikabaki kelele za kutafuna.

Tangu siku ile sikukata tena samaki vipande vinane. Jumamosi zetu zikawa za vitu visivyohesabika: papa, kunde za nazi, mbaazi nilizoroweka Ijumaa kabla boti haijafika. Wali ukibaki, Jumapili asubuhi kiporo kwa chai, na mume wangu ambaye zamani alikuwa akidai mahamri hakunung'unika, au alinung'unikia Matondoni. Hesabu ya soko ilishuka karibu nusu. Sinia halikurudi tena juu ya kabati.

Ijumaa iliyofuata binti aliteremka botini ameshika kifurushi cha karatasi, kimefungwa kwa ukili. Alinipa shikamoo, kisha akaninyooshea.

"Mama amesema huyu kamchagua mwenyewe, chumvi yake ndogo. Usiku mmoja unamtosha."

Nilikipokea. Nilikinusa pale pale gatini, tabia mbaya, sikuweza kujizuia. Alikuwa papa mzuri. Tulipofika uchochoroni, punda wametupita, nikamuuliza kama mama yake humtia bizari.

"Humtia," akasema. "Lakini si nyingi kama yako."