Barua mbili, mbuzi moja

Mwanzoni mwa Aprili 2022 nilikuwa na barua mbili na siku kumi na mbili za kujibu. Ya kwanza ilitoka chuo kikuu kimoja cha Marekani: nafasi ya udaktari wa isimu, posho ya miaka mitano, na kazi ya kufundisha Kiswahili. Ya pili ilitoka Bayreuth, Ujerumani: mkataba wa kazi wa miaka mitatu kwa asilimia 65 ya mshahara, na humo humo niandike tasnifu. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili atoe jibu ifikapo tarehe 15 Aprili, kwa hiyo Wamarekani ndio walionibana. Wajerumani walisema tu wangefurahi kusikia kutoka kwangu mapema.

Kaka yangu aliniambia kwenye simu, "Wewe unalia wali umezidi." Sikumjibu. Kweli ni aibu kulalamika kwa jambo ambalo wenzako wanaliomba kwa kufunga. Lakini usingizi ulinipaa.

Marekani yenyewe nilikuwa nimeshaijua: nilifika Athens, jimbo la Ohio, kusoma, Agosti 2019. Si Athens ya Wagiriki. Ni mji mdogo wa chuo uliojificha kwenye vilima, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari kutoka Columbus, na mitaa yake mingi imetandikwa matofali mekundu. Kwenye sanduku nilikuwa na mbuzi, maana mama alikataa katakata niende ugenini nikale wali mkavu. Ofisa wa forodha akafungua sanduku, akakuta kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno. Akauliza hiki nini. Nikamweleza, ni cha kukunia nazi. Kwenu mnakiitaje? Nikamtajia jina, na kwa ushamba wangu nikamtafsiria. Akaitazama fomu niliyotia alama kwamba sikubeba mnyama, akanitazama mimi, akacheka mpaka akamwita mwenzake aje aone mbuzi wa Tanga.

Niliipenda Marekani, nisiseme uongo. Nilifundisha Kiswahili cha mwaka wa kwanza saa tatu asubuhi, darasa la vijana kumi na wawili walioamkiana "shikamoo" wao kwa wao kwa sababu tu wanapenda inavyosikika. Ukimwambia profesa hukubaliani naye, anavuta kiti akae akusikilize. Kwa msichana aliyesoma shule ambako swali la pili linahesabika utovu wa adabu, jambo hilo ni tamu kuliko theluji ya kwanza. Nilinunua Corolla kuukuu, na kila baada ya Jumamosi moja nilikwenda Columbus, kwenye maduka ya Wasomali, kununua nyama ya mbuzi (huyu wa miguu minne), unga na iliki.

Machungu yalikuwepo pia. Gego langu lilivunjika nikitafuna bisi, na hapo ndipo nilipojua kwamba bima yangu ya mwanafunzi ilihesabu meno kuwa si sehemu ya mwili. Nililipa dola 1,350, karibu posho ya mwezi mzima. Nilikula maharage mpaka nikaota maharage.

Lakini jino linazibwa, yakaisha. Kilichonikaa rohoni ni ile stika ya viza.

Wengi nyumbani hawajui jambo hili, kwa hiyo nitalieleza. Viza ya Marekani iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ya kuingilia mlangoni tu. Ukishaingia, kinachokuweka nchini ni masomo yako na fomu ya I-20 unayopewa na chuo. Stika inaweza kuisha muda humo humo kwenye pasipoti na hakuna atakayekugusa. Ila ukitoka nje ya nchi, sharti uombe nyingine ubalozini, ukae tena mbele ya dirisha umthibitishie ofisa kwamba hukusudii kuhamia kwao. Yangu iliisha mwaka 2020, mwaka ule ule balozi za Marekani zilipositisha huduma za kawaida za viza duniani kote kwa ajili ya korona. Ofisi zilipofunguliwa kulikuwa na foleni ndefu, na tayari nilikuwa nimeshaona la kuniogopesha. Jamaa mmoja wa chuoni kwetu alikwenda kwao kumwoza dada yake, akanyimwa viza ya kurudi. Ni sisi tuliokwenda kufunga vitu vyake kwenye maboksi. Bakuli lake lilikuwa bado mezani, kijiko kimegandia ndani.

Basi nikakaa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Februari 2020 kaka yangu alipata mtoto wa kike, na mtoto huyo akanijua kwa kioo cha simu. Walimfundisha kuniita shangazi. Alipoanza kusema sentensi, wakimpa simu iliyozimwa alikuwa anaitazama halafu anawaambia wenzake wanyamaze: "Shangazi kalala."

Nilihitimu Mei 2021, nikapata kile kibali cha mwaka mmoja wa kazi baada ya masomo, OPT, nikawa mkalimani wa wakimbizi wa Kongo huko Columbus. Mara nyingine mkalimani alihitaji mkalimani. Mama mmoja wa Bukavu aliniambia "tuko nangoja tangu asubui", nami kwa Kiswahili changu cha Ngamiani, Tanga, nikabaki napepesa macho, yeye akanionea huruma na kurudia polepole kama anaongea na Mzungu. Kibali kilikuwa kinaisha Julai 2022. Ndiyo maana nikaomba nafasi za udaktari pande zote mbili za bahari.

Nilivyoamua? Nilichukua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa: kushoto Marekani, kulia Ujerumani. Siku tatu za kwanza niliandika upuuzi. Posho, hali ya hewa, chakula. Nilipokuja kusoma, nikakuta nimeandika "baridi" pande zote mbili.

Nikabadili njia. Nikaanza kuwapigia watu waliotangulia, na sikuwauliza wapi kuzuri. Niliwauliza jambo moja: mara ya mwisho ulikwenda kwenu lini, na ilikugharimu nini?

Mkenya mmoja aliyeko Houston, Marekani, alikaa kimya kidogo, akasema miaka tisa. Makaratasi yake yalikuwa njiani. Wamemzika baba yake bila yeye. Mtanzania mwenzangu aliyekuwa Leipzig, Ujerumani, aliuliza, "Kwani kuna nini? Nilikuwa Moshi Krismasi. Imenigharimu nauli." Akanieleza kwamba kadi ya kibali cha ukaazi unatoka nayo na kuingia nayo, cha kuangalia ni usikae nje zaidi ya miezi sita mfululizo. Huyo huyo hakunificha ubaya. Ujerumani ina sheria ya mikataba ya wanataaluma: vyuo vikuu vinaweza kukuajiri kwa mikataba ya muda kwa miaka sita kabla ya udaktari na mingine sita baada yake, kisha kama hujapata ajira ya kudumu, mlango unafungwa. "Utakutana na watu wa miaka arobaini na tano," aliniambia, "hawajui mwakani watakuwa wapi."

Profesa wangu wa Ohio naye alinipa hesabu ya upande wake. Ile bahati nasibu ya viza za kazi za H-1B, nafasi 85,000 kwa mwaka, haivihusu vyuo vikuu. Chuo kikikutaka kinakuombea moja kwa moja. Niliandika kushoto. Ukweli ni kwamba upande wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia.

Tarehe 12 Aprili nikaandika barua pepe fupi kwa kile chuo cha Marekani. Nikienda nyumbani Julai kuomba viza mpya, na viza ikachelewa au ikanyimwa, nafasi yangu itakuwaje? Jibu lilikuja kesho yake, la upole kabisa. Nafasi wangeweza kuisogeza muhula mmoja. Ufadhili hawakuweza kuahidi. Nilisoma mara mbili, nikafunga kompyuta, nikakuna nazi. Usiku huo nikawajibu Wajerumani.

Mama nilimpigia asubuhi. "Kwa Mjerumani?" akauliza. "Yule yule wa reli?" Mtu wa Tanga ukimtajia Ujerumani anaona reli ya Moshi na majengo ya zamani ya kule ufukweni. Nikamwambia yule yule. Akasema haya, ila asikujengeshe tuta la reli.

Gari niliuza. Mbuzi nikaifunga kwenye kanga. Julai nikashuka Tanga, na yule mtoto akanikimbia. Alijificha nyuma ya mama yake, akanichungulia, kisha akaomba simu. Akaishika, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna mtu, akanitazama mimi. Hakunikaribia mpaka siku ya tatu.

Viza ya Ujerumani niliiombea Dar es Salaam, ubalozini kwao pale Umoja House. Euro 75, makaratasi yaliyonyooka, na wiki tano za kungoja.

Bayreuth haikunipokea kwa maua. Niliwasili Oktoba, bei ya gesi imepanda kwa vita ya Ukraine, na nikajifunza kwamba Wajerumani wana kodi ya baridi na kodi ya joto: ya baridi ni chumba kitupu, ya joto wameongeza gharama za kukipasha moto. Ndani ya wiki mbili uwe umesajili anuani yako. Kila nyumba inalipa euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni, hata kama huna redio wala televisheni. Nilidhani ni matapeli, barua nikaitupa, ikaja nyingine yenye faini. Na barua zote ni za Kijerumani, lugha iliyotuachia neno "shule" na mimi nikaingia darasani nikiwa na neno hilo moja.

Jumapili ya kwanza nilipasua nazi kwa mgongo wa kisu, kama kwetu. Jioni nikakuta karatasi mlangoni, mwandiko umenyooka kama umepigwa rula: leo ni siku ya utulivu. Sasa nazi napasua Jumamosi.

Nimekosa mengi. Msimamizi wangu ni mtu mwema, lakini ukitaka kumwona unapanga wiki mbili kabla, na wazo nililokuwa nalo linakuwa limeshachacha. Hapa sijapata wa kuvuta kiti. Kilichonishikilia ni kongamano la Kiswahili, ambalo hapa Bayreuth lilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka wangu wa kwanza niliwapikia wageni wachache wali wa nazi nyumbani, na mzee mmoja aliyetoka Dar akaja jikoni kuulizia ukoko.

Tanga nimekwenda mara tatu tangu hapo. Mtoto sasa anasoma, na simu haimshughulishi tena. Akinipigia ni kunitumia orodha.

Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, wa mwisho. Wiki iliyopita profesa wangu wa Ohio ameniandikia: kuna kazi inatangazwa, nitume maombi. Leipzig nako kuna minong'ono. Nimelitoa daftari lile lile, nikafungua ukurasa mpya. Safari hii nimechora mistari miwili.