Siku moja ya mratibu wa kundi la kusoma la wanawake, Shanghai

Saa 1:15 asubuhi. Metro ya Laini ya 9 kutoka Songjiang imefurika, na kazi ya kundi inaanzia humo, kwenye simu. Kitabu cha jioni kimo ndani ya WeRead, programu ya Tencent inayomwonyesha msomaji sentensi ambazo wenzake wamezipigia mstari na maoni waliyoandika. Mratibu anapitia sehemu ya wiki, kurasa 40 hadi 50. Zikizidi hapo, wanaotoka kazini usiku huja na muhtasari wa mtandaoni tu, na mjadala hufa.

Kabla ya ofisi, kumbusho: kila mmoja awashe usomaji wa siri. Mwaka 2020 Mahakama ya Intaneti ya Beijing iliamua kwamba WeRead ilikiuka haki ya msomaji mmoja kwa kuwaonyesha marafiki zake wa WeChat, programu ya kutumiana ujumbe, anachosoma bila ridhaa yake ya wazi. Mwanamke anayesoma kuhusu talaka, bosi na mama mkwe wakiwa kwenye orodha hiyohiyo ya marafiki, hahitaji kuelezwa zaidi.

Saa 6 mchana. Chakula, kisha ofisi nzima inasinzia. Huu ndio wakati wa kutuma maswali matatu. "Je, mhusika alikosea?" huzaa mahubiri. "Ulifunga kitabu kwa hasira ukurasa gani?" humfanya mtu ajieleze.

Saa 1:30 usiku. Mkahawani, meza moja, wanawake 8 hadi 10. Wakifika 15, nusu yao hunyamaza. Kwa kuwa kazi za ziada huchelewesha wengi, mkutano huanza kwa kusoma kurasa mbili kwa sauti, kila mtu aya moja. Hatua hii isirukwe kamwe: aliyebanwa na kazi akakosa kusoma naye hupata la kusema.

Ndipo wanajitambulisha, na kwangu hiki ndicho kiini cha yote. Hakitajwi cheo, kampuni wala mume. Kazini mtu huitwa kwa ukoo na cheo, Meneja Li. Kwenye kundi la wazazi shuleni ni mama wa fulani. Hapa anatumia jina alilojichagulia, kisha anasema kitabu kimemgusa wapi. Wageni hukwama, wakarudi kwenye habari za watoto. Mratibu asiwakatize, awaulize tu, "Na wewe?"

Saa 3. Dakika 15 za kuandika kwa mkono. Thamani yake ilionekana Picun, pembezoni mwa Beijing, kwenye kundi la fasihi la wafanyakazi wahamiaji lililoanza 2014. Fan Yusu, mfanyakazi wa nyumbani aliyehudhuria huko, aliandika maisha yake, na mwaka 2017 insha hiyo ikasomwa nchi nzima.

Saa 4. Muhtasari hutumwa usiku huohuo bila majina, maana picha za skrini husambaa. Kitabu kijacho hupigiwa kura, na aliyekipendekeza ndiye atakayeongoza mjadala. Bila sharti hilo, watu hupendekeza vitabu ambavyo wao wenyewe hawatavifungua.