Nimeweka kioo kirefu cha kukinga upepo kwenye pikipiki, kichwa kikazidi kutikisika

Kwenye safari ndefu za pikipiki kitu kilichokuwa kinanimaliza sio mvua wala kiti, ni upepo. Ukitembea 60 huuhisi sana, unaona unapunga hewa tu, ila ukifika 100 na kuendelea ndo unajua kumbe umebeba mzigo kifuani. Na haupandi sambamba na spidi huo, spidi ikiwa mara mbili nguvu ya upepo inakuwa mara nne, kwahiyo toka 60 kwenda 120 hesabu mwenyewe. Masaa matatu hivyo shingo imekakamaa, mikono imechoka kushikilia usukani kama unaning'inia.

Basi na akili zangu nikasema dawa ni moja tu, kioo kirefu cha mbele. Nikatafuta, sio cha kampuni iliyotengeneza pikipiki, cha watengeneza vifaa wengine, kirefu kweli kweli, nikakifunga mwenyewe asubuhi moja na kikakaa vizuri mpaka nikakipiga picha. Nikatoka nacho barabarani. Aisee.

Kifua kimetulia kabisa, hamna upepo. Ila kichwa! Helmeti inapigwa kushoto kulia kama kuna mtu kaishika anaitikisa, macho yanaona barabara mbili mbili, na kelele sio ile ya upepo ya kawaida, ni dum dum dum ndani ya masikio. Nikarudi nimenuna, nikalaumu helmeti, nikalaumu shingo yangu, kidogo nilaumu na barabara.

Kumbe upepo ukifika kwenye ukingo wa juu wa kioo haupiti ukaenda zake kimya kimya. Unavunjika, unajizungusha vimbunga vidogo vidogo, na nyuma ya kioo presha ya hewa inakuwa ndogo kwahiyo ule upepo uliovurugika unavutwa kurudi ndani, na aliyekaa ndani ni wewe. Kioo kifupi kinautupa kifuani, kinachosha ila ni upepo msafi, unasukuma mara moja na umeisha. Kirefu kikikosea urefu kidogo tu kinaleta ule mchafu moja kwa moja kwenye helmeti. Yaani nilikuwa napambana na upepo mwingi wakati ugomvi ulikuwa na upepo uliovurugika, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Namna ya kujua ni rahisi. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, ukiwa spidi ya kawaida inuka kidogo kwenye vikanyagio mpaka kichwa kitoke juu ya eneo la kioo. Ukiona kichwa kimetulia na ile dum dum imegeuka kuwa shhhh moja ndefu basi helmeti yako haina kosa, kioo ndo kinasumbua. Halafu kaa, peleka kiganja cha kushoto polepole juu ya ukingo wa kioo, kuna mahali utasikia msukosuko unaisha ghafla, pale ndo unajua umebakiza sentimita ngapi. Wengine wanabandika vipande vya uzi wa sufu kwenye kioo wanaangalia vinavyochezacheza, inafanya kazi ila uwe na mtu wa kukurekodi pembeni, usijifanye unaendesha huku unasoma nyuzi.

Urefu wenyewe usidanganywe na picha. Ukikaa mkao wako wa kawaida barabara unatakiwa uione kwa juu ya kioo, ukingo uwe usawa wa pua hivi, sio kuitazama kupitia kioo chenyewe, manake siku ya mvua usiku, matone yamejaa na taa za magari zinakuja, huoni kitu.

Kilichoniokoa mimi sio kukata kioo, ni kukisogeza mbele. Niliweka spesa, vile vipande vya kuachanisha kioo na pikipiki, nyuma ya matundu ya chini, kikatoka sentimita mbili hivi, ukabaki uwazi kwa chini hewa ikawa inaingia kujaza ile sehemu yenye presha ndogo. Sikuamini. Kitu kidogo vile, kichwa kikatulia zaidi ya nusu. Juu nikaongeza spoila, kipande kidogo cha kubana kwenye ukingo wa kioo, nayo nikaiacha na nafasi kati yake na kioo ili hewa ipite katikati, ukiibandika imegusana umeongeza urefu tu hujatatua kitu.

Ila hapo kwenye spesa ndo nilipoharibu. Ukiweka spesa unahitaji skrubu ndefu zaidi, sawa, na mimi kwa uoga wa kulegea nikazipaka ile dawa ya kugandisha skrubu. Siku chache baadaye kuzunguka matundu kukatokea mistari kama utando wa buibui, kioo chenyewe ni plastiki ya polikaboneti, na ile dawa inaila. Petroli ni hivyo hivyo, na sabuni za kusafishia vioo zenye amonia usizikaribie kabisa, maji na sabuni ya kawaida vinatosha, wadudu waliogandia uwawekee kitambaa kilicholowa kwanza wakae dakika kadhaa, usisugue wakavu. Na usikaze kwa hasira, kwenye pikipiki nyingi zile nati ni za raba zenye shaba ndani, zinavimba ukikaza na ndo zinavyoshika, ukizidisha unapasua raba au kioo. Weka washa za nailoni chini ya skrubu, spana ya L mkononi, ikigusa ongeza kidogo, basi.

Kinga za mikono nazo nimeweka, kwa baridi na mvua hazina mpinzani. Ukimaliza kufunga zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili huku injini imezimwa, angalia kama waya wa klachi haubanwi, lever za breki na klachi hazigusi kinga, na eksileta ukiiachia inarudi yenyewe. Yangu ya kulia ilikuwa inasugua mpira wa eksileta, ningeenda nayo hivyo barabarani sijui. Na kama umetoa vile vyuma vizito vya mwisho wa usukani ili kinga zikae, usishangae mikono ikianza kufa ganzi kwa mtetemo.

Kinga za upepo za pembeni ya miguu sina mengi, zinasaidia magoti, ila angalia zisizibe njia ya hewa moto ya redieta la sivyo unajipika.

Kingine, kioo kirefu mbele na boksi nyuma vinaweza kufanya usukani uanze kucheza ukiwa spidi kubwa, kwahiyo panda taratibu, 80, 100, sikiliza, ndo uongeze. Na vizibo vya masikio bado navaa, hamna kioo kinachomaliza kelele yote.

Nikajiona fundi. Jumapili mama watoto akapanda nyuma, tumetoka dakika kumi ananigonga bega nisimame, anasema ule upepo wote niliokuwa nao umehamia kwake. Nimeshusha kioo sentimita moja jana, wikiendi tunajaribu tena.